Sauti Iliyokatika Wiki ya Sita: Uchambuzi wa Kisa cha Mwimbaji Aliyehama Kutoka Pleibeki Kwenda Laivu

Kuhusu kisa hiki

Mhusika ni mwimbaji wa kike, umri wake ni miaka ya ishirini na kitu. Jina lake, bendi, mji, ukumbi na majina ya nyimbo vimeondolewa, na nyimbo zinatajwa kwa namba tu. Mwimbaji anapopoteza sauti, kwa kawaida huambiwa kuwa hajui kuimba au koo lake ni dhaifu. Huyu alijua kuimba, na koo lake lilikuwa zima alipoanza. Kilichomwangusha ni namna kazi yenyewe ilivyopangwa: ufunguo wa nyimbo (yaani kimo cha noti ambacho wimbo huimbwa), spika za jukwaani, mfuatano wa nyimbo na mkataba. Kila palipokuwa na kasoro, sauti yake ndiyo iliyofidia.

Usuli

Aliingia kwaya akiwa na miaka 11 na akaimba sauti ya kwanza kwa miaka 9. Anasoma noti, ana sikio zuri, pumzi yake imepangika. Baadaye alirekodi nyimbo 7 studio na akaanza kuitwa kwenye maonyesho, ambako aliimba kwa pleibeki, yaani juu ya rekodi inayochezwa, nyimbo 3 au 4, yaani dakika 20 hivi, kama mara tatu kwa mwezi. Pleibeki hizo zilikuwa na sauti yake mwenyewe chini yake. Kiitikio kilipokuwa kizito, aliachia kidogo na rekodi ikambeba. Hapo hakuna udanganyifu, ndivyo maonyesho mengi yanavyoendeshwa. Lakini alikuwa anajifunza kusimama jukwaani bila kujifunza kubeba wimbo mzima peke yake.

Kisha ukaja mkataba wa bendi ya laivu: gitaa, besi, kinanda, dramu na yeye mbele. Usiku 4 kwa wiki kwa wiki 12, awamu 3 kila usiku, kila awamu dakika 50. Hizo ni dakika 600 kwa wiki. Alikuwa amezoea dakika 60 kwa mwezi, kwa hiyo alikuwa anakwenda kufanya kazi ya miezi kumi ndani ya siku saba. Yeye, meneja wake na kiongozi wa bendi, hakuna hata mmoja aliyeandika hesabu hiyo kwenye karatasi kabla ya kusaini.

Jambo jingine lilijificha kwenye rekodi zenyewe. Wimbo namba 3, ndio uliompa jina, ulirekodiwa kwenye ufunguo ambao kiitikio chake kinashikilia C5, noti ya takriban hezi 523 (mitetemo 523 kwa sekunde), kwa sauti ya kifua, ile nzito ya kuzungumzia. Studio aliirudia noti hiyo hadi ikatoka safi mara moja, kisha mzalishaji akakinakili kiitikio hicho kimoja kwenye nafasi zote tatu. Mwimbaji hakuwahi kuuimba wimbo wake mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho kwenye ufunguo ule.

Kilichotokea, wiki kwa wiki

Wiki mbili za kwanza zilipita salama. Bendi ilikuwa na ari na watu walifurahi.

Wiki ya tatu alianza kuamka na sauti nzito iliyorudi kuwa ya kawaida kufikia mchana. Akaichukulia kuwa ni uchovu.

Wiki ya nne dalili ilibadilika, na hii ndiyo dalili ambayo kila mwimbaji angepaswa kuijua. Noti za juu zilitoka zikiimbwa kwa nguvu, lakini zikiimbwa kwa upole zilichelewa: kwanza hewa inapita, halafu noti inafuata. Nyuzi za sauti zikivimba zinahitaji msukumo mkubwa zaidi wa hewa ndipo zianze kutetema. Kwa hiyo mwimbaji anagundua kwamba akisukuma, sauti inapatikana, naye anasukuma. Kadiri anavyosukuma, ndivyo nyuzi zinavyogongana kwa kishindo na kuvimba zaidi.

Wiki ya tano alijitibu. Alikohoa-kohoa kusafisha koo kabla ya kila wimbo, kitendo ambacho kinazibamiza nyuzi zilezile zilizovimba. Mchana alinong'ona akiamini anapumzika, ilhali mnong'ono wa nguvu nao unalikaza koo. Usiku, kati ya awamu na awamu, alishuka ukumbini kusalimia mashabiki na kuzungumza nao juu ya muziki wa spika, dakika 20 mfululizo, mara mbili kwa usiku. Alikuwa pia anameza aspirini kabla ya kupanda jukwaani. Aspirini hupunguza damu kuganda, na kwa mtu anayezikaza nyuzi zake kiasi hicho huongeza hatari ya mshipa mdogo kupasuka na damu kuvuja ndani ya uzi wa sauti.

Wiki ya sita, awamu ya pili, wimbo namba 3, kiitikio cha pili: C5 ilikatika ikatoka hewa tupu. Mpiga kinanda alikidaka kiitikio akamalizia. Awamu ya tatu ilipigwa bila mwimbaji.

Uchunguzi wa koo

Siku tatu baadaye alionwa na daktari wa masikio, pua na koo kwa kamera yenye taa ya kumweka-mweka, ile inayowezesha mtetemo wa nyuzi kuonekana kana kwamba unakwenda polepole. (Inafaa kukumbuka kwamba aliyefungua njia ya kuitazama zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, ya mtu aliye hai akiimba alikuwa mwalimu wa uimbaji, Manuel García, aliyejitazama kwa vioo mwaka 1854.) Vilionekana vinundu laini pande zote mbili, katikati ya sehemu inayotetema, mahali ambapo nyuzi hugongana kwa nguvu zaidi. Hapakuwa na damu iliyovuja. Kama ingekuwepo, kisa hiki kingekuwa kingine kabisa, maana hapo ni ukimya kamili mara moja.

Kwa makadirio, mtu akiimba nusu ya muda wa awamu ya dakika 50, kwa wastani wa hezi 300, nyuzi zake hugongana mara 450,000. Kwa awamu tatu ni zaidi ya milioni moja na laki tatu kwa usiku mmoja. Nyuzi zenye afya zinaweza kuumudu mzigo mkubwa wa namna hiyo, ila nguvu ya kila mgongano ndiyo inayoamua mengi, na nguvu hiyo ilikuwa inatoka jukwaani.

Uchunguzi wa jukwaa

Mwalimu wa sauti aliyeitwa kusaidia alifanya jambo la busara: kabla ya kumsikiliza mwimbaji chumbani, alikwenda kutazama mahali anaposimama.

Alikuta kikuza sauti cha gitaa nyuma ya mwimbaji, kimeinuliwa juu ya sanduku hadi usawa wa kichwa chake. Monita ya sakafuni, yaani spika inayomrudishia mwimbaji sauti yake, ilikuwa mbele yake, imemkabili moja kwa moja. Kipaza sauti alichotumia ni cha aina inayobana sana mbele, ambayo huwa na kasikio kadogo upande wa nyuma kabisa, yaani husikia kidogo huko pia. Kwa kipaza sauti cha namna hiyo, monita iliyonyooka nyuma yake inaingia kwenye kasikio hako na spika zinapiga mluzi haraka. Fundi mitambo aliogopa mluzi akaiacha monita chini. Mwimbaji hakujisikia, akapaza.

Kupaza huko hakukuwa ukaidi. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard aliandika kuhusu tabia hii: mtu akiwa kwenye kelele, sauti yake hupanda yenyewe bila kukusudia. Kumwambia mwimbaji "usipige kelele" wakati hajisikii ni sawa na kumwambia asipepese macho penye vumbi.

Tena alishika kipaza sauti umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, tabia ya kwenye pleibeki, ili uso uonekane kwenye video. Kwenye sentimita 20, ukilinganisha na sentimita 5, kipaza sauti kinapokea pungufu ya takriban desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Pengo hilo alilijaza kwa koo.

Maamuzi na sababu zake

*Ukimya au kupumzika kwa kipimo?* Meneja alitaka anyamaze kabisa wiki tatu. Daktari na mtaalamu wa tiba ya sauti walikataa, kwa sababu vinundu laini hutokana na namna ya kuitumia sauti, na namna hiyo haibadiliki kwa kunyamaza. Waliamua siku 7 za kuzungumza kidogo tu, kwa sauti ya kawaida isiyo ya mnong'ono, kisha wiki 6 za tiba. Upasuaji haukuzungumzwa, kwa kuwa kwa vinundu vya namna hii tiba ya sauti ndiyo hutangulia.

Zoezi kuu lilikuwa la mrija. Alitumbukiza mrija sentimita 2 hadi 3 ndani ya glasi ya maji, akatoa sauti ya "uu" kupitia mrija huo ili maji yatoe mapovu, akateleza kutoka noti ya chini hadi ya juu na kurudi. Dakika 2 hadi 3, mara tano kwa siku. Mrija unarudisha mgandamizo kidogo juu ya nyuzi, nazo zinatetema bila kubamizana. Kosa la kawaida ni kupuliza kwa nguvu hadi mashavu yavimbe na maji yaruke. Mapovu yakiwa madogo na ya mfululizo, kiasi kinatosha.

*Mkataba.* Haukuwa na kifungu cha ugonjwa. Kiongozi wa bendi aliomba kuahirisha wiki 2 na kurejea na awamu 2 za dakika 40 hadi wiki ya kumi. Ukumbi ulikubali kwa kupunguza malipo kwa theluthi moja. Meneja aliona ni hasara. Lakini njia nyingine ilikuwa kurejea mapema kwa malipo kamili na kuhatarisha miezi yote iliyobaki ya mwaka. Walichagua kupungukiwa.

*Ufunguo.* Nyimbo zote zilishushwa toni moja nzima, yaani nusu toni mbili. C5 ikawa B bapa, takriban hezi 466. Hapa waimbaji wengi huona aibu, na hakuna sababu ya kuona aibu. Msikilizaji aliye ukumbini hakumbuki ufunguo wa rekodi, anakumbuka kama kiitikio kilimfikia. Tabu halisi iko kwa wapiga ala. Mpiga kinanda anabonyeza kitufe na kwake imekwisha. Mpiga gitaa aliyejenga vipande vyake juu ya nyuzi zilizoachwa wazi hawezi kushuka kwa kapo, kibanio cha shingo ya gitaa, maana kapo hupandisha tu, kwa hiyo alilazimika kulegeza nyuzi zote au kuunda upya vidole. Wimbo uliokuwa kwenye E ulikuja kwenye D, noti ambayo besi ya nyuzi nne haina chini ya uzi wake mnene, na mpiga besi akapandisha oktava. Mazoezi ya kubadili yalikula siku nne, na siku hizo mwimbaji aliimba kwa sauti ndogo, oktava ya chini.

*Irabu.* Hili lilikuwa dogo, na ndilo lililomfurahisha mwalimu kuliko yote. Kiitikio cha wimbo namba 3 kiliishia na maneno "nakungoja mimi", na noti ya juu kabisa ilikalia "mi" ya kwanza. Irabu "i" hutamkwa mdomo ukiwa mwembamba na ulimi umeinuka. Mlio wake wa chini wa asili kinywani uko karibu na hezi 300, chini sana ya noti iliyokuwa ikiimbwa. Ukiishikilia "i" huko juu bila kufungua taya, kinywa hakikusaidii chochote na koo linabaki peke yake. Mtunzi, kwa ridhaa yake, aligeuza mpangilio: "mimi nakungoja". Noti ya juu ikaangukia "ngo", silabi ambayo ndiyo yenye mkazo hata katika mazungumzo, ikashukia "ja". Maana ni ileile, mkazo haukuvunjika, na taya likapata nafasi ya kufunguka.

*Spika.* Kikuza sauti cha gitaa kilishushwa kikawekwa pembeni, kimeinamishwa kuelekea masikio ya mpiga gitaa badala ya magoti yake. Monita ilihamishwa kutoka katikati hadi pembeni, kwa kipaza sauti kile takriban digrii 55 kutoka mstari wa nyuma, ambako kipaza sauti hakisikii. Ndani ya monita ikabaki sauti yake, kinanda kidogo na mdundo mkuu wa dramu, gitaa likaondolewa. Kipaza sauti kikasogezwa hadi sentimita 5, na mkono ukafundishwa kushika mpini. Ukikumbatia kichwa cha chuma, unaziba matundu ya nyuma, kipaza sauti kinaacha kuchagua upande na mluzi unarudi.

*Mfuatano wa nyimbo.* Hapo awali nyimbo 3 za juu zilifuatana mwishoni, "kumaliza kwa moto". Zilitawanywa: wimbo wa kwanza wa kila awamu ukawa wa sauti ya kati, hakuna nyimbo mbili za juu zilizoshikana, na baada ya wimbo namba 3 ukawekwa wimbo ulioanza kwa gitaa pekee kwa dakika moja na nusu. Mapumziko kati ya awamu yalitumika nyuma ya jukwaa. Salamu za mashabiki zikahamia mwisho wa usiku, muziki ukishazimwa, kwa dakika 10.

*Rekodi mpya.* Kulikuwa na mpango wa kuingia studio wiki ya nane, ukaahirishwa miezi mitatu. Studio watu huiona kama mapumziko, kumbe kurudia mstari mmoja mara arobaini ni mzigo mkubwa. Muda huo ulitumika kwa makaratasi yaliyokuwa yamelala: nyimbo 4 kati ya 7 hazikuwa na maandishi yanayoonyesha nani ana fungu gani la utunzi. Yaliandikwa na kusainiwa, utunzi mbali na rekodi mbali, kwa sababu hizo ni haki mbili tofauti na mirabaha yake hupita njia tofauti.

Matokeo

Alirejea jukwaani wiki ya tisa kwa awamu 2. Wiki ya kumi na moja alirudi awamu 3, zikiwa za dakika 45. Usiku wa mwisho aliimba wimbo namba 3 mara mbili, na kipimo chake cha kila asubuhi, kuimba kwa upole sana kipande kifupi cha wimbo wa watoto kwenye noti za juu, kilitoka bila hewa kutangulia.

Uchunguzi wa pili, miezi mitatu baada ya ule wa kwanza, ulionyesha kinundu cha kushoto kimetoweka na cha kulia kimebaki unene mdogo. Ukumbi haukuurefusha mkataba. Theluthi ya malipo ya kipindi kile ilipotea na haikurudi.

Uchambuzi: kilichofaa

Kama ingelazimu kuchagua badiliko moja tu, lingekuwa monita na umbali wa kipaza sauti. Yalifanyika kwa saa moja, hayakuhitaji kifaa kipya, na rekodi za simu zilionyesha mwimbaji ameacha kupaza tangu usiku wa kwanza kabla hata tiba haijaanza kuzaa matunda. Ufunguo unafuata. Tiba ya mrija peke yake, akirudi kwenye jukwaa lilelile, ingekuwa kumwaga maji kwenye pakacha.

Kipimo cha asubuhi kilimpa kitu ambacho hakuwa nacho: onyo kabla ya kupanda jukwaani. Siku mbili kilipochelewa, nyimbo mbili za juu ziliondolewa kwenye orodha usiku ule bila mjadala, kwa kuwa bendi ilikuwa imeandaa mbadala wake mapema.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kushusha nyimbo zote toni nzima lilikuwa kosa la haraka. Nyimbo namba 5 na 6 tayari zilikuwa na beti za chini. Zilipofika F3 sauti yake ilififia, naye akaanza kuikandamiza huko chini, mzigo uleule kwa mlango mwingine. Zilirudishwa nusu toni moja wiki ya kumi. Kila wimbo ungepimwa peke yake: noti yake ya juu kabisa, ya chini kabisa, na ile anayokaa muda mrefu zaidi. Hiyo ya tatu ndiyo hutazamwa mara chache na ndiyo huchosha kuliko nyingine.

Visikizi vya masikioni vilijaribiwa wiki ya tisa vikaachwa. Alivaa kimoja na kuacha sikio la pili wazi ili awasikie watu. Matokeo yake alizidi kukipandisha kile kimoja kushindana na jukwaa, na sikio likaanza kuvuma baada ya onyesho. Kwenye desibeli 100, muda wa usalama unaopendekezwa ni dakika 15 tu kwa siku. Visikizi vinahitaji vyote viwili, na kipaza sauti cha ziada kinachochukua kelele za ukumbi ili mwimbaji asijione yuko chumbani peke yake. Ukumbi haukuwa nacho.

Usiku mmoja walijaribu kumpunguzia mzigo kwa kuweka kiitikio cha rekodi chini ya bendi. Rekodi ilikuwa kwenye ufunguo mpya lakini mwendo wake haukukubali, mpiga dramu hakuwa na mdundo wa kumwongoza masikioni, na kufikia mstari wa tatu bendi na rekodi zilikuwa zimeachana waziwazi. Rekodi ilizimwa katikati ya wimbo. Kama msaada huo unatakiwa, mpiga dramu ndiye wa kwanza kupewa visikizi, kabla ya mwimbaji.

La mwisho ni mkataba. Uliofuata, na ukumbi mwingine, uliandikwa hivi: awamu zisizozidi 2 za dakika 45 kwa usiku, usiku 3 kwa wiki na usiopungua mmoja wa kupumzika kati ya usiku wa pili na wa tatu, dakika 40 za kupima mitambo kabla ya milango kufunguliwa, monita 2 za mwimbaji, na ugonjwa wa sauti uliothibitishwa na daktari kuhesabiwa kuwa sababu ya kuahirisha badala ya kuvunja makubaliano. Meneja alidhani ukumbi ungekataa. Uliomba jambo moja tu kubadilishwa: dakika za kupima mitambo ziwe 30.